Hatuuzi maji: sababu ya siku saba za kumwagilia katika bili ya dari yako

Kuna mstari mmoja katika bili zetu za kutengeneza dari, yaani mapaa bapa ya zege, ambao wateja huupiga kalamu kabla ya mwingine wowote. Simiti hawaigusi, mchanga hawaugusi, na ujira wa fundi wanauzungumza kwa adabu. Wakifika pale palipoandikwa "kufunika na kumwagilia, siku 7", kalamu inashuka. Majuzi mteja mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wao kwamba tumemdai pesa za kijana wa kukaa darini akimwaga maji, na kwamba sisi twauza maji ya mfereji kwa bei ya simiti. Majirani wakamuunga mkono. Mmoja akaongeza kuwa fundi wake alimaliza dari nzima kwa siku moja, akachukua chake akaenda, na hakuna tone lililomwagwa.

Dari ya huyo jirani tunaijua, maana inaonekana vizuri ukiwa juu ya nyumba ya mwenzake. Ina nyufa nyembamba zinazokatana kila upande, na karibu na mlango wa ngazi mota, yaani simiti iliyochanganywa na mchanga na maji, imechimbika hata bado haijapigwa na masika moja. Mwenyewe anaitazama kila siku akianika nguo na haoni kasoro, kwa kuwa hakuna maji yaliyomdondokea kitandani. Yatamdondokea.

Watu wengi wanaamini mota inakuwa ngumu kwa sababu maji yametoka ndani yake. Mambo ni kinyume. Simiti inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, na muungano huo unaendelea maadamu maji yapo. Yakiondoka mapema, kazi inasimama hapo ilipofika, na sehemu ya simiti uliyoilipia inabaki unga ndani ya mota. Ndiyo maana nguzo za gati zinamwagwa chini ya bahari na zinashika. Ndiyo maana pia nambari unayoiona kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya simiti hiyo kwa megapaskali ikiwa na umri wa siku 28, baada ya sampuli kulazwa majini karibu muda wote huo. Maabara hawaianiki juani wakasema imekauka. Wanaizamisha.

Sasa chukua mota hiyo hiyo, itandaze juu ya slabu, yaani bamba la zege la dari, ya Mombasa mwezi wa Februari. Jua la saa sita, joto la nyuzi thelathini na kitu kivulini, upepo wa kaskazi unapita juu bila kizuizi, na slabu yenyewe imepata moto kiasi kwamba huwezi kukanyaga pekupeku. Mota ya unene wa sentimita tatu au nne imebanwa na joto juu na chini. Ikiachwa, kufikia Alasiri uso wake umeshageuka mweupe. Mwenye nyumba akiona weupe ule anafurahi, anasema imeshika. Sisi tukiona weupe ule tunajua kuna mtu atakayetupigia simu mwezi wa Mei.

Ikitunzwa na unyevu, mota inapata takribani theluthi mbili ya nguvu yake ndani ya siku saba za mwanzo. Hiyo ndiyo asili ya saba yetu; hatukuiokota. Na simiti nyingi za 32.5 zinazouzwa madukani kwetu zimechanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa. Ni simiti nzuri na inapambana vizuri na chumvi ya pwani, ila haina haraka. Tukiitumia hiyo tunaandika siku kumi, na hapo ndipo malalamiko huzidi.

Mama mmoja wa Ganjoni aliniuliza, "Fundi, hii ni nyumba ama ni shamba la mchicha?" Nikampandisha juu siku ya tano, nikakwaruza kwa msumari pale palipokuwa chini ya gunia, kisha nikakwaruza pembeni ambapo kijana alisahau kufunika. Pa kwanza msumari uliteleza ukaacha mstari mweusi wa chuma. Pa pili ulichimba. Ni mota moja, siku moja, mikono ile ile. Hakuniuliza tena, na alituma mjukuu wake amsaidie kijana kubeba maji.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko lawama iliko. Dari ya mita za mraba 60 ukiijaza maji ya kina cha sentimita tatu, umemwaga lita 1,800. Hayo ni madumu 90 ya lita 20. Kisha kila siku ya jua na upepo dari inapoteza milimita tano za maji au zaidi, yaani lita 300, madumu 15, na lazima yarudishwe. Kwa mtaa ambao mfereji unatoka mara mbili kwa wiki, maji hayo yanapandishwa ngazi begani au yananunuliwa kwa mkokoteni. Kijana wa kuyapandisha anapanda darini alfajiri, anarudi huko adhuhuri, anarudi tena magharibi. Yeye ndiye mstari ule mnaoupiga kalamu.

Maji yakiwa ya shida, hatujazi dari. Tunatandika magunia ya katani, tunayalowesha, kisha juu yake tunalaza karatasi ya nailoni na kuibana kwa mawe pembeni ili upepo usiibebe. Maji yanayotumika hapo ni machache mno ukilinganisha na bwawa, na kwa paa la vigae hakuna njia nyingine. Ila magunia yanunuliwe, nailoni inunuliwe, na mtu apande kuangalia, maana gunia lililokauka linafyonza unyevu wa mota badala ya kuilinda. Tuna wateja waliochukua magunia yetu usiku wakafunikia gari. Wengine walianua nailoni kwa ajili ya harusi ya jirani, wakairudisha siku ya tatu.

Kuna wale wanaosema tusubiri masika, mvua itamwagilia yenyewe bure. Hili nimelisikia Kisauni, nimelisikia Likoni, na juzi nimelisikia kwa mtu aliyesoma kuliko mimi. Mvua ya saa za mwanzo inaosha simiti kutoka kwenye mchanga kabla haijashika, na asubuhi unakuta mchanga mtupu umejikusanya mdomoni mwa bomba la kuteremshia maji. Mvua ya baadaye inanyesha usiku, kisha linatoka jua siku mbili mfululizo. Mota inavimba na kusinyaa, inavimba na kusinyaa, na nguvu bado haijapata. Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Anayetaka kazi nzuri ya dari kwetu aifanye Agosti na Septemba, kusi likiwa bado linapoza na mvua kubwa zimepita. Januari na Februari tunafanya pia, kwa kuanza kazi mapema na kufunga kabla ya jua kali.

Maji ya kumwagilia yasiwe ya kisima cha chumvi. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mtu anaona uchungu kumwaga maji matamu juu ya nyumba. Naelewa. Lakini chini ya ile mota kuna slabu, na ndani ya slabu kuna nondo. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Inasukuma simiti kutoka ndani. Ndiyo yale mabamba yanayodondoka chini ya baraza za ghorofa za zamani, nondo zimebaki wazi rangi ya chungwa. Kurekebisha hivyo si kazi ya mota tena. Unaita mhandisi, unaweka viegemeo, unakata. Mchanga wa ufukweni una dhambi hiyo hiyo. Tuliitwa Bamburi kwa bwana mmoja aliyeletewa mchanga mweupe mzuri kwa nusu ya bei, lori likamwaga usiku. Niliuonja. Akaniuliza kwani mchanga unaonjwa. Unaonjwa, na ule ulikuwa chumvi tupu, vipande vya makombe vikionekana kwa macho. Tulikataa kuutumia na tukaandikiwa kuwa tuna maringo.

Mchanga wa mto nao usiuamini kwa jina. Tia mchanga nusu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ongeza maji mpaka karibu na shingo na chumvi kidogo, tikisa, uache utulie saa tatu. Mchanga unakaa chini na udongo laini unakaa juu yake kama tabaka la rangi nyingine. Tabaka hilo likiwa nene, mota itasinyaa na kupasuka hata uimwagilie mwezi mzima. Jaribio hili halina gharama na tunalifanya mbele ya mwenye nyumba kabla lori halijaondoka. Madereva hawatupendi.

Kuchanganya kwenyewe ndiko kunakotofautisha mafundi, na ndiko mteja asikokuona kwa sababu amekaa chini sebuleni. Kibarua akipimiwa kwa beleshi, beleshi la mchanga linakuja limejaa kilima na la simiti linakuja bapa. Anahesabu moja kwa nne kwa mdomo, mkono unachanganya moja kwa sita. Sisi tunapima kwa ndoo iliyosawazishwa kwa ubao. Mfuko wa kilo 50 una takribani lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu ya lita 20. Kwa moja kwa nne, ambayo ndiyo tunayotumia kwenye sakafu ya dari, ni ndoo saba za mchanga. Hatuchanganyi mfuko mzima kwa mara moja. Tunachanganya nusu, ndoo tatu na nusu za mchanga, kiasi ambacho mafundi wawili watakimaliza kabla ya saa moja kwisha.

Unageuza mkavu kwanza, kutoka rundo hili hadi lile, mara tatu, mpaka usione mshipa wa kijivu wala mshipa wa mchanga. Kisha unafungua shimo katikati, unatia maji kidogo kidogo, unakusanya kutoka kingoni. Kwa nusu mfuko maji hayazidi lita 15, na mchanga ukiwa umenyeshewa yanakuwa chini ya hapo. Ukiifumbata mkononi inabaki na umbo la vidole na kiganja kinabaki na unyevu bila maji kuchuruzika. Ukiinua kwa mwiko na kuuinamisha, mota inakaa kidogo ndipo inateleza. Vibarua wanapenda mota ya majimaji kwa sababu inatandazika bila nguvu. Yale maji ya ziada yakitoka yanaacha vijitundu, na mvua inapitia hapo hapo.

Kosa linalofuata linatokea baada ya chai. Mota imekaa kwenye karai, imeanza kukaza, mtu anamimina maji na kuigeuza mpaka inalainika tena. Kwa macho imerudi. Kwa nguvu haijarudi, kwa kuwa kile kilichokuwa kimeanza kushikana kimevunjwa. Katika joto letu, mota iliyokaza tunaimwaga, na mteja akiona tumemwaga karai zima anaingiwa na wasiwasi kwamba tunapoteza mali yake. Simiti hiyo tumeihesabia upotevu kwenye bei tangu mwanzo. Fundi asiyehesabu upotevu ataichapa darini kwako, utake usitake.

Na tafadhali, msituletee nusu mfuko uliobaki tangu ujenzi wa choo. Hewa ya pwani ina unyevu, na mfuko uliofunguliwa unashika ndani kwa ndani. Ukikuta mabonge ambayo hayapasuki kwa kubonyeza na vidole, hiyo tumieni kujazia shimo la ua.

Kabla mota haijalazwa, tunabomoa. Hapa tena wateja hulalamika kelele na vumbi, maana walidhani tutapaka juu ya iliyopo. Mota ya zamani tunaigonga kwa nyundo eneo kwa eneo, na panapolia tupu panatoka pote, kwa tindo, kingo zikatwe wima. Kiraka kilichokonda kufikia pembeni kama karatasi kinanyanyuka ndani ya mwaka. Kisha brashi ya waya, kufagia, kuosha, na kulowesha slabu usiku kucha. Asubuhi tunafuta madimbwi, tunapaka uji wa simiti, na mota inalazwa uji ukiwa bado mbichi. Slabu kavu inakunywa maji ya mota kutoka chini hata kama juu umefunika magunia kumi.

Mwenye nyumba mmoja wa Mikindani alikuwa ameshawahi kupigiwa tabaka juu ya tabaka na mafundi tofauti. Kila uvujaji, sentimita tano nyingine. Tabaka la sentimita tano lina uzito wa kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Dari ya mita 60, hizo ni tani sita kila tabaka, na yake ilikuwa nayo matatu. Tani kumi na nane zimekaa juu ya vyumba vya watoto, na maji bado yalikuwa yanapita, kwa sababu hakuna aliyeangalia mteremko. Maji yalisimama katikati kwa kuwa bomba la kutolea lilikuwa juu kuliko sakafu. Tulibomoa yote, tukashusha mdomo wa bomba, tukapiga tabaka moja lenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Gharama kubwa ya kazi ile ilikuwa kubomoa na kubeba kifusi, wala si kujenga. Pesa zile alikuwa amezilipa mara tatu kabla ya kutuita, kwa mafungu madogo madogo ambayo kila moja lilionekana rahisi. Rahisi huvunja upishi.

Ufa unaotembea haupigwi mota hata kidogo. Tunaweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na kuandika tarehe. Ukivuka alama baada ya wiki chache, dari inacheza kwa joto au nyumba inakaa, na dawa yake ni kuufungua na kuujaza kwa gundi inayonyumbuka. Dawa za unga za kuzuia maji tunazitumia mteja akitaka, kwa kipimo cha mtengenezaji, lakini hazichukui nafasi ya kumwagilia. Na lami usiipake juu ya mota mbichi. Unyevu utainyanyua malengelenge.

Kumwagia simiti kavu juu ya mota iliyo mbichi ili ing'ae, hilo hatufanyi. Linapendeza siku ya kukabidhi. Ngozi ile ya juu ina simiti nyingi kuliko iliyo chini yake, inasinyaa peke yake, na zile nyufa nyembamba nilizozitaja za jirani wa Tudor ndizo hizo.

Kwenye mapaa ya vigae vya Mangalore mambo yanabadilika. Vigae vile ni vya udongo uliochomwa. Mgongo wa paa ukilazwa kwa simiti kali, mota inakuwa ngumu kuliko kigae chenyewe, na jua likipanua paa kinachopasuka ni kigae. Mzee mmoja wa Kizingo alipoteza safu nzima ya mgongo hivyo, na vigae vya ukubwa ule wa zamani havipatikani kirahisi. Hapo tunatumia simiti moja, chokaa moja, mchanga sita, vigae vikiloweshwa kwanza. Na nyumba za Mji wa Kale, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, hatuzigusi kwa simiti ngumu. Ukuta unahitaji kupumua, na Ngome ya Yesu iliyoanzwa mwaka 1593 imesimama kwa mawe na chokaa hivyo hivyo. Kule pia ni eneo la uhifadhi, kwa hiyo kibali kwanza, ndipo ngazi isimamishwe.

Utaratibu wetu kuanzia sasa utakuwa huu. Bili itaendelea kuwa na mstari wa kufunika na kumwagilia, na kila siku kijana atapiga picha ya dari asubuhi na magharibi na kumtumia mwenye nyumba. Anayetaka kumwagilia mwenyewe ruksa, tutampunguzia ujira wa kijana, na tutamwachia magunia kwa amana. Picha ni zake kutuma. Dari ya kujazwa maji tunaiacha na bwawa lake mpaka siku ya mwisho, halafu tunaingia chini vyumba vyote pamoja na mwenye nyumba kutazama kama kuna alama ya unyevu, kabla hatujadai fungu la mwisho. Dhamana yetu ni masika moja na vuli moja. Kazi ambayo mstari ule umekatwa na picha hazikutumwa, tutaifanya kwa uangalifu ule ule wa kupima na kuchanganya, ila dhamana haitakuwapo, na hilo litaandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini na pande zote mbili kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.